Ushauri Usio na Ushauri: Mshauri Nasaha Anafanya Nini Ndani ya Dakika Hamsini

Soma maelezo ya washauri nasaha kumi kuhusu kazi yao na utakutana na sentensi zilezile: nasikiliza bila kuhukumu, natoa mazingira salama, namheshimu kila mteja. Hakuna uongo hapo, ila hakuna habari pia. Ni kama dereva anayekuhakikishia kwamba huwa anashika usukani. Abiria anataka kujua huyu mtu akifika kwenye kona hufanyaje.

Basi tuanze na kona. Mteja amekaa, amezungukazunguka maneno kwa robo saa, kisha anasema: "Tangu nipandishwe cheo silali. Kila siku naona kama watanigundua kwamba sifai."

Mshauri anayefuata njia ya mwanasaikolojia Carl Rogers, inayomweka mteja katikati, atasema taratibu: "Kazini wanakuona umepanda, na wewe ndani yako unajiona mtu anayesubiri kuumbuliwa." Halafu ananyamaza. Hajauliza kitu. Amerudisha alichosikia baada ya kukisogeza kidogo, kutoka kwenye tukio hadi kwenye hisia, na sasa anampa mteja nafasi ya kusema ndivyo au sivyo. Wa tiba ya fikra na tabia, ambayo misingi yake iliwekwa na Aaron Beck miaka ya 1960, atataka usiku mmoja tu: "Tuchukue jana. Ulipanda kitandani saa ngapi? Muda mfupi kabla moyo haujaanza kwenda mbio, nini kilikupitia kichwani?" Wa saikodinamiki, njia inayotafuta mizizi ya shida katika maisha ya nyuma, atalishika lile neno "watanigundua": hao ni akina nani, na hofu ya kugunduliwa uliwahi kuwa nayo kabla ya kazi hii? Na yule wa njia inayotazama suluhisho, iliyojengwa na Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, ataulizia usiku ambao mambo yalikuwa afadhali: "Katika wiki hizi, kuna siku hata moja uliyolala kidogo? Siku hiyo kulikuwa na tofauti gani?"

Majibu yote manne yanafaa. Kila moja linampeleka mteja upande wake, na baada ya vikao sita hao wateja wanne watakuwa wamezungumza mambo tofauti kabisa ingawa walianza na sentensi moja. Hiyo ndiyo "mbinu" kwa maana yake halisi: uamuzi wa nini kishikwe na nini kiachwe kipite, unaofanywa mara nyingi ndani ya saa moja.

Hapo panazuka swali: ipi ni bora? Mwanasaikolojia Saul Rosenzweig aliandika mwaka 1936 kwamba tiba zinazopingana kwa nadharia huenda zikaleta matokeo yanayokaribiana, kwa kuwa chini yake kuna mambo zinayoshiriki zote. Ubishi haujaisha hadi leo. Sehemu kubwa ya wanaofanya kazi hii wanakubali kwamba uhusiano kati ya mshauri na mteja una uzito mkubwa, lakini tusiteleze kutoka hapo hadi kusema mbinu haina maana. Chukua mtu mwenye ugonjwa wa fikra zinazomng'ang'ania, anayerudi kukagua kitasa cha mlango mara ishirini kila usiku. Mshauri mpole anayemwambia "usijali, mlango umefungwa" anamlisha ugonjwa, kwa sababu kila anapohakikishiwa anatulia kidogo, na ule utulivu ndio unaomfundisha kuomba tena kuhakikishiwa. Hapo inatakiwa njia mahususi ya kumkabilisha na hofu hatua kwa hatua huku akijizuia kukagua. Upole peke yake hautoshi.

Mwanasaikolojia Edward Bordin, mwaka 1979, aliugawa uhusiano huo wa mshauri na mteja katika mambo matatu: mnakubaliana lengo ni nini, mnakubaliana mtafanya nini kulifikia, na mnaaminiana. Mgawanyo huu unafaa sana unapotafuta mahali kikao kilipoharibika. Watu wengi wakiulizwa kama uhusiano ni mzuri hutazama lile la tatu tu. Mteja anampenda mshauri wake, anamwamini, lakini kwa miezi minne amekuwa akisubiri kuambiwa afanye nini, na mshauri kwa miezi minne amekuwa akisubiri mteja aamue mwenyewe. Mapenzi yapo, makubaliano ya kazi hayapo. Siku moja mteja haji, wala hapigi simu.

Neno lenyewe ni mtego

Kwa Kiswahili tatizo hili lina mzizi wa ziada. Ushauri ni ushauri. Nasaha nayo, ukiipeleka kwenye kamusi, ni ushauri uleule uliokuja kwa Kiarabu. Tumelipachika neno juu ya neno na kupata "ushauri nasaha", kisha tunashangaa mteja anapokaa kitako na kusema, "Haya, nishauri." Ana haki. Ndivyo ilivyoandikwa mlangoni.

Mshauri mzuri halikwepi ombi hilo kwa tabasamu na kimya. Analisema mapema, ndani ya kikao cha kwanza: "Nitakupa taarifa ninapokuwa nayo, na nikiona hatari nitasema wazi. Ila kuhusu uachane naye au ubaki, sitakuamulia, kwa sababu atakayeishi na uamuzi huo ni wewe. Kazi yangu ni kukusaidia uuone vizuri." Maneno yasiyozidi arobaini, na yanaokoa miezi.

Mtego wa pili ni "mawazo". Mtu anaposema "nina mawazo", au "mawazo yamenizidi", mara nyingi hazungumzii fikra. Anataja hali: uzito, huzuni, kukosa usingizi, pengine sonona kamili. Mshauri aliyetoka mafunzoni juzi na karatasi yake ya kurekodi fikra anauliza, "Mawazo gani hasa?", na mteja anajibu, "Mawazo tu." Hapo hakuna ubishi wala ugumu wa mteja, wawili hao wanatumia neno moja kwa vitu viwili. Afadhali kuuliza hali hiyo inakaa wapi mwilini, inaanza saa ngapi, inamzuia kufanya nini. "Roho iko juu" ni wasiwasi. "Moyo umekufa" ni jambo jingine, na linadai maswali ya usalama ambayo nitayafikia.

Kuna pia "pole". Ni neno jema, lakini likitolewa haraka linafunga mazungumzo, kwa kuwa mteja atajibu "nimeshapoa" na adabu itakuwa imetimia. Iache ije baada ya mtu kumaliza. Na majina ya kuitana: mama, kaka, dada, mzee. Ukimwita mteja "mama" umejifanya mtoto wake, na si rahisi kwa mtoto kumuuliza mama yake habari za chumbani. Ukimwita "mdogo wangu" umejipa haki ya kumkaripia. Sisemi tuyaache, kwa sababu bila hayo tunasikika kama makarani. Muulize angependa umwiteje, kisha utambue kila jina linakuja na wajibu wake.

Kikao cha kwanza, kwa saa

Kikao cha kawaida ni dakika hamsini. Zile kumi zinazobaki kwenye saa ni za kuandika kumbukumbu na kupumua kabla ya mteja anayefuata, na mshauri anayezila kila siku ataanza kuchanganya wateja.

Dakika kama kumi za mwanzo ni za makubaliano: muda, malipo, kuahirisha, kumbukumbu zinatunzwaje, na usiri na mipaka yake. Kosa la kawaida hapa ni kuahidi siri kamili. Hakuna siri kamili. Mipaka ya kawaida ni hatari ya mteja kujidhuru, hatari kwa mtu mwingine, mtoto anayeumizwa, na amri ya mahakama. Maelezo yake hutofautiana kwa sheria za kila nchi. Kesi ya Tarasoff, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya California mwaka 1976, ndiyo inayotajwa sana kuhusu wajibu wa mtabibu kumlinda mtu wa tatu aliyetishiwa. Kosa la pili ni kuisoma mipaka hiyo kama masharti ya benki. Ukimaliza, mwombe mteja akueleze kwa maneno yake alivyoelewa. Utashangaa alichokisikia.

Baada ya hapo, nusu saa hivi ni ya mteja. Maswali machache. "Kwa nini" ni neno la kuchunga, maana tumelizoea tangu utotoni kama mwanzo wa kukaripiwa, na anayeulizwa hujitetea. "Ilikuwaje mpaka ukafika hapo?" inaleta habari zilezile bila mtu kujikunja. Na kimya: sekunde kumi ndani ya chumba kile ni ndefu, mshauri mchanga ataziona kama dakika nzima na atazijaza kwa swali. Mara nyingi mteja alikuwa anatafuta neno, na swali limemnyang'anya.

Dakika za mwisho zinatafuta lengo linaloonekana. "Nataka kuwa na amani" haitoshi, si kwa sababu ni ndogo, bali kwa sababu hamtajua siku mkilifikia. Muulize: ukianza kuwa na amani, mtu unayeishi naye ataona nini asubuhi? Akijibu "ataona nimeamka kabla hajaniita, nimekaa mezani nakunywa chai naye", mna pa kuanzia.

Kisha kuna jambo linalotokea dakika ya arobaini na nane. Mteja amesimama, ameshika kitasa, anasema: "Halafu kuna lile suala la baba yangu, lakini tutaongea siku nyingine." Mara nyingi hilo ndilo lililomleta. Mshauri asiye na uzoefu humrudisha kitini na kuongeza nusu saa. Matokeo yake mteja anaondoka amefunguliwa jeraha bila kufungwa, na anajifunza kwamba mambo mazito huanza kwenye kitasa. Afadhali kulipokea kwa jina lake, kuuliza kwa sentensi moja kama kuna hatari kati ya leo na kikao kijacho, na kuahidi kwamba ndilo litakaloanza wiki ijayo. Kisha litimizwe.

Kupima, ingawa wengi hawapendi

Wapo washauri wanaoona kupima hisia kwa namba ni kuzidhalilisha. Siwaungi mkono. Mshauri asiyepima hutegemea sura ya mteja, na wateja ni hodari wa kuonyesha sura nzuri mbele ya mtu wanayemheshimu.

Dodoso la PHQ-9 lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu kati ya 0 na 3, jumla 27. Alama 5 huashiria sonona nyepesi, 10 ya wastani, 15 ya wastani inayoelekea ukali, 20 na kuendelea kali. Dodoso peke yake halithibitishi ugonjwa. Linaonyesha mwelekeo, na kushuka kwa alama tano kunahesabiwa kuwa badiliko la maana. Makosa ni mawili: kumpa mteja karatasi ajaze ukumbini kisha kuiweka kwenye faili bila kuisoma, na kutazama jumla huku jibu la swali la tisa, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, likipita. Mtu anaweza kuwa na jumla ya 8 na bado swali la tisa likadai mazungumzo siku hiyohiyo.

Kipimo cha kikao chenyewe ni kifupi zaidi: mistari minne, kila mmoja sentimita kumi, mteja anaweka alama mwishoni, mshauri anapima kwa rula. Jumla ni 40, na chini ya 36 inafaa kuuliza. Mazungumzo yake huwa hivi:

"Mistari mitatu umeipa tisa. Hapa penye 'tulizungumza nilichotaka' umeweka sita."

"Hapana, dada, kilikuwa kizuri tu."

"Nashukuru. Lakini hiyo sita inanisaidia kuliko hizo tisa. Kuna jambo ulikuja nalo tukalipita?"

Kimya kidogo. "Nilitaka kusema habari za mume wangu. Ukaniuliza usingizi."

Bila ile rula, mteja huyu angerudi nyumbani akisema kikao kilikuwa kizuri, na pengine asingerudi tena. Ona pia alichofanya mshauri: hakujitetea, hakueleza umuhimu wa usingizi. Akianza kueleza, alama za wiki ijayo zitakuwa kumi kila mstari, na hazitakuwa na maana yoyote.

Kuhusu kujiua, ni kuuliza wazi. "Wakati mwingine mtu akielemewa namna hii hufikia kuwaza kujiua. Wewe umefikia hapo?" Kuuliza hakupandi wazo hilo kichwani, kwa wengi ni nafuu kwamba hatimaye mtu amelitamka. Kinachoharibu ni swali lenye jibu ndani yake: "Huna mawazo ya kujiua, sivyo?" Aliyeulizwa hivyo ameshaelekezwa aseme hapana. Akijibu ndiyo, kumsainisha ahadi ya kutojidhuru si ulinzi. Karatasi hiyo inampa mshauri usingizi tu. Kilicho bora ni mpango wa usalama uliotungwa na Barbara Stanley na Gregory Brown, ambao mteja huuandika kwa maneno yake: dalili zinazotangulia, anachoweza kufanya peke yake, watu au mahali pa kumtoa kwenye hali hiyo, watu anaoweza kuwaomba msaada, wataalamu na huduma za dharura pamoja na namba zao, na namna ya kuyaweka mazingira yake salama. Kwenye watu, andika majina na namba, kisha uliza: huyu ukimpigia saa nane za usiku atapokea? Hatari ikiwa ya sasa hivi, mtu huyo haachwi peke yake na huduma ya dharura inaitwa.

Mafunzo, leseni, na swali la simu

Sasa wasifu wa mshauri. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari wa binadamu na anaandika dawa. Mwanasaikolojia tabibu amesomea saikolojia na hufanya tathmini na tiba. Mshauri nasaha amesomea unasihi, yaani taaluma yenyewe ya ushauri nasaha, kwa stashahada, shahada au uzamili. Zipo nchi ambako jina "mshauri" linalindwa na sheria na zipo ambako yeyote anaweza kulibandika ukutani, kwa hiyo vyeti vingi si ushahidi. Cheti cha mafunzo ya siku mbili hukaa kwenye fremu sawa na shahada ya miaka mitatu.

Cha kutazama ni vitu vitatu tofauti ambavyo watu huvichanganya. Elimu ni darasa. Mafunzo kwa vitendo ni saa alizokaa na wateja halisi huku mtu mwenye uzoefu akifuatilia. Leseni au usajili ni chombo kinachoweza kumwajibisha ukimlalamikia. Mtu anaweza kuwa na kimoja bila vingine.

Na kuna cha nne kisichoonekana kwenye fremu: usimamizi wa kitaaluma unaoendelea. Mshauri aliyehitimu miaka ishirini iliyopita bado anahitaji mwenzake wa kumpelekea kesi zake, kwa sababu mambo mengine huwezi kuyaona ukiwa ndani yake. Mteja anayekukumbusha ndugu yako utaanza kumtetea au kumkaripia bila kujua. Mteja anayekusifu utamwongezea dakika. Dalili za awali ni ndogo: unachelewesha kuandika kumbukumbu za mtu mmoja, unafurahi anapoahirisha, unamtajia habari zako ambazo hakuuliza. Usimamizi ndio mahali pa kuyatoa hayo kabla hayajamfikia mteja. Kutompokea ndugu, rafiki au mfanyakazi mwenzako kama mteja kunatoka hukohuko.

"Natumia mchanganyiko wa mbinu" ni sentensi utakayoikuta kila mahali. Inaweza kuwa kweli na nzuri. Inaweza pia kumaanisha kwamba kila kazi inapokuwa ngumu mshauri anabadilisha mbinu: wiki mbili za kurekodi fikra, mteja hakuandika, wiki ya tatu tunahamia kupumua, ya tano tunachora ukoo. Mteja kutoandika lilikuwa jambo la kuzungumza, si la kulikimbia. Pengine zoezi lilikuwa kubwa mno. Jedwali la safu saba kwa mtu ambaye hana nguvu za kuoga ni adhabu. Safu tatu zinatosha kuanzia: nini kilitokea, nilijiambia nini, nilijisikiaje kati ya 0 na 100. Mara moja kwa siku, mstari mmoja.

Washauri wengi hukubali mazungumzo mafupi ya simu kabla ya miadi ya kwanza, na dakika kumi na tano zinatosha. Usiulize "una uzoefu?" kwa kuwa jibu ni ndiyo. Eleza shida yako kwa sentensi mbili, kisha uliza mngeanzaje na mngejua vipi baada ya vikao sita kama kuna kinachobadilika. Uliza anasimamiwa na nani kitaaluma na wanakutana mara ngapi; jina si lazima, lakini mara ngapi wanakutana atakutajia papo hapo, la sivyo huenda hana msimamizi. Mwisho muulize ni wateja gani huwa hawapokei. Mwenye kazi yake atakujibu bila kufikiri sana: watu wenye uraibu mkali wanaohitaji kwanza uangalizi wa kitabibu, au wenza ambao mmoja wao anampiga mwenzake, au watoto chini ya umri fulani, na atakuambia huwaelekeza wapi. Akikwambia anapokea wote, mshukuru na upigie anayefuata.